Maharage ya Mlango wa Kanisa

Sifa ni za Mungu, aliyeitengeneza mvua kabla hajamtengeneza mkulima, asiyepotelewa na punje hata moja iangukapo ardhini. Namshukuru kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa macho ambayo bado yanaiona mistari ya daftari, na kwa subira aliyonipa mimi niliyezaliwa bila hiyo. Nikiisha kumshukuru, ndipo nasimulia.

Mke wangu alivuka mpaka na maharage. Wengine walibeba magodoro, masufuria, picha za harusi. Yeye alifunga mbegu katika pembe ya kitenge, akajifunga kitenge kiunoni, akatembea. Tulipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na kuonyeshwa kiwanja chetu upande wa Kashojwa, aliketi chini kabla hata ya kutafuta maji, akalifungua fundo, akazimimina mbegu juu ya lungo tuliloazimwa na watu waliotutangulia.

Nazikumbuka zile rangi kuliko ninavyoikumbuka safari. Palikuwa na nyekundu kubwa, njano kama kiini cha yai, zambarau zenye michirizi, nyeupe ndogo kama meno ya mtoto, za kijivu, na moja nyeusi, ndogo, yenye jicho jeupe. Kwetu Kivu ya Kusini hakuna mama aliyepanda rangi moja. Tulipanda mchanganyiko, tukavuna mchanganyiko, tukala mchanganyiko, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Kila baada ya mavuno alikaa mlangoni na lungo mapajani, ukungu wa ziwa ukiwa bado umelala juu ya mabonde. Alizigawa mbegu kwa rangi, akazitazama muda mrefu kama mtu anayesoma barua. Kisha alizichanganya upya. Ile iliyozaa vizuri aliiongezea konzi. Ile iliyochoka aliipunguzia. Lakini hakuna rangi aliyoiacha nje kabisa.

Mara moja nilimwuliza, "Haka keusi kanafanya nini humu? Hakazai, hakaivi haraka, kanachafua supu."

"Kaache," alisema. "Mwaka haufanane na mwaka."

"Lakini mwaka huu hakakufanya kitu."

"Na ule unaokuja, unaujua uko namna gani? We uhubiri. Maharagi uniachie."

Nilimwachia. Mungu alipomwita, lungo likabaki kwangu.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la mtu wa kanisa. Mfanyabiashara mmoja wa nafaka pale Ruti mjini Mbarara, Mnyankole mwenye sauti nzito, alitia mkono katika gunia langu na kutikisa kichwa. "Mzee, hii ya kuchanganya hapana. Leta nyekundu tupu. Watu ya mjini nataka rangi moja." Ningeweza kumlaumu yeye, lakini alinipa kisingizio tu. Ukweli ni kwamba nilipenda mpangilio. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi kwamba siku ya mwisho kila kitu kitatengwa na kisichofanana nacho, nami nikaona kutenga ni kazi takatifu. Nilikaa mlangoni pale alipokaa yeye, nikaondoa ndogo, nikaondoa zenye michirizi, nikaondoa za kijivu na za njano. Msimu baada ya msimu lungo likawa jekundu. Niliona nimelisafisha.

Zile nilizoziondoa sikuzitupa. Kanisani kwetu, mlangoni, kuna makopo mawili ya maziwa ya unga. La kwanza lina maharage, la pili ni tupu. Kila anayeingia huchukua punje moja kutoka kopo la kwanza na kuidondosha katika la pili, na ibada ikiisha mzee wa zamu huzihesabu na kujua tulikuwa wangapi. Maharage hayo hayaliwi. Wanaoyashika hawayatazami. Kila msimu nilipeleka huko yale yasiyofaa, nikajiona nimemtolea Mungu.

Jirani yangu, mama wa Burundi ambaye shamba lake linapakana na langu, alinitania kwa hilo. Yeye ni Mkatoliki, haendi shamba bila rozari shingoni.

"Mzee, ninyi Baprotesta munahesabu batu na maharagi?"

"Na ninyi munahesabu sala na shanga."

"Shanga hazioze!" alisema, akacheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akalitazama shamba langu, mistari imenyooka, majani ya kimo kimoja. "Eh, shamba yako iko kama kambi ya basoda. Bote banavaa nguo moja. Siku mukubwa wao anapiga filimbi ya kulala, bote banalala."

Nilicheka nami. Nilidhani ananisifu.

Mjukuu wangu, binti tuliyemlea wenyewe tangu akiwa mgongoni mwa bibi yake, anasoma mambo ya kompyuta katika chuo kikuu mjini Mbarara. Likizo moja alikuja na kazi yake ya mwisho mkononi. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha, ile isiyosikika juu ya bati mpaka unyamaze. Akatandika mkeka.

"Tate," aliniita, kwa jina tunalowaitia babu kwetu, "kaa hapa. Nikikuelezea wewe ukaelewa, basi mwalimu wangu naye ataelewa."

"Asante kwa heshima," nilisema, nikakaa.

Akaniomba maharage ya mfano. Nikampa bakuli. Akalitazama, akalizungusha. "Rangi zingine ziko wapi?"

"Nilizitoa."

Alitoka akaokota vijiwe, akachukua punje za mahindi, akavitia humo. Kisha akaanza.

Alitumia jina refu ambalo nililitafsiri mwenyewe moyoni: ukokotoaji wa kimageuko, yaani kuifanya mashine itafute jibu kwa njia ambayo viumbe hai hupitia vizazi. Mfano wake ulikuwa gari la maji. Vijiji vya kambi yetu ni vingi, kila kimoja na tangi lake. Gari likianza na hiki, lifuate kile, kisha kile, litamaliza mafuta kiasi gani? Na likianza na kingine je? "Namna za kupanga ni mingi sana, Tate. Mashini ikijaribu moja moja, itazeeka mbele haijamaliza."

"Sasa?"

"Sasa haijaribu zote. Inaanza na majibu ya ovyo." Akamwaga konzi la punje juu ya mkeka. "Kila punje hii ni jibu moja, mpango mmoja wa safari. Mingi ni mibaya. Haina shida. Tunapima kila moja: njia yake ni ndefu ao ni fupi? Zile zenye njia fupi tunazipa nafasi kubwa ya kuzaa."

"Jibu linazaa?"

"Linazaa, Tate! Tunachukua mawili. Kwa moja tunakata mwanzo wa safari, vile vijiji vinavyobaki tunavipanga kwa kufuata la pili. Njo mutoto anapatikana. Amefanana na bote babili, lakini haiko mumoja wao." Akaweka kijiwe kati ya harage na hindi. "Na mara moja moja, bila sababu, tunabadilisha vijiji viwili fasi zao. Bahati tu. Kisha tunapima tena kizazi kipya, tunachagua tena, tunazalisha tena. Mara mia, mara elfu. Tunasimama wakati majibu hayaendelei kuwa mazuri."

Nilizitazama zile punje. Mvua iliendelea, na kwa kitambo nilihisi kwamba mtu mwingine ameketi nasi mkekani, mtu ninayemjua kwa harufu ya moshi na majani ya mahindi. Sikugeuka. Nilihofia kwamba nikigeuka hatakuwapo.

"Nani anayelijua jibu?" niliuliza.

"Hakuna mutu."

"Hata wewe uliyeandika?"

"Hata mimi. Mimi naandika kipimo tu. Jibu siliandike."

Neno hilo lilikaa nami siku nyingi. Nilikuwa nimeogopa kidogo, nakiri, aliposema bahati. Mtu aliyesoma Maandiko huliogopa neno hilo. Lakini mitume wenyewe walipiga kura walipohitaji mtu wa kumi na mbili, na hawakudhani Mungu ametoka chumbani. Nikaona kwamba kuandika kipimo na kungoja, bila kulijua jibu, ni jambo ambalo nimelifundisha maisha yangu yote kwa jina lingine.

Nikamwuliza kama yote hayo ni kwa gari la maji tu. Akacheka. Akasema vyuo hupanga ratiba za mitihani kwa njia hiyo, ili mwanafunzi asiitwe vyumba viwili saa ileile. Mafundi hutafuta umbo la bawa la ndege, au waya wa kunasa mawasiliano, na mara nyingine linapatikana umbo lililopinda ajabu ambalo hakuna fundi angelichora, lakini linafanya kazi. Popote palipo na majibu mengi kuliko maisha ya kuyajaribu, alisema, na popote unapoweza kupima hata kama hujui, njia hii inafaa. Haiahidi jibu bora kuliko yote. Inaahidi zuri la kutosha.

Alipokuwa akizikusanya punje alisema taratibu, "Tate mwanamuke alikuwa anafanya vile na lungo."

"Ndiyo," nilisema. "Alikuwa anafanya vile."

Alirudi Mbarara. Msimu ule mvua ilikuja nzito, ikakaa. Maji yalisimama mashambani kama macho yasiyopepesa. Majani yangu yakawa manjano mstari wa kwanza, kisha wa pili, na nilipong'oa shina mizizi ilitoka laini, nyeusi, imeoza. Katika wiki mbili hakukuwa na mstari uliosimama. Walilala wote, kama jirani yangu alivyosema, kwa filimbi moja. Shamba lake mwenyewe, lenye rangi zake za Burundi, lilipungua lakini halikulala. Alinitazama kutoka ng'ambo ya mpaka wetu, na siku hiyo hakunitania. Alishika rozari tu.

Maharage ya kula yangepatikana. Mgao upo, majirani wapo, na Mungu hajawahi kuniacha na njaa ya kuniua. Lakini mimi nilikuwa nimepanda zote. Ghalani sikuacha hata konzi. Zile mbegu zilizovuka mpaka kiunoni mwa mke wangu zilikuwa kitu cha mwisho alichokigusa ambacho bado kilikuwa hai, nami nilikuwa nimeziua kwa usafi wangu. Nilisimama kwenye matope nikajaribu kuomba, nikakuta sijui niombe nini.

Nilikwenda Mbarara kumwona mjukuu wangu. Amepanga chumba kwenye mteremko wa Kamukuzi, dirisha linatazama paa na migomba. Siku zote nilimpelekea kifurushi. Safari ile alinipokea, akaitazama mikono yangu.

"Tate, leo umekuja mikono mitupu?"

"Leo ndiyo."

Alinipa chai, akafungua kompyuta yake ili kunituliza, nadhani, kama vile mtu anavyomwonyesha mgonjwa bustani. Kwenye kioo kulikuwa na nukta nyingi, vijiji vyetu, na mistari iliyoviunganisha imejisokota kama uzi ulioshikwa na paka. Akabonyeza. Mistari ikaanza kutikisika, ikajifungua, ikajifunga, ikajifungua tena. Ilikuwa kama kuiona ndoto ya mtu mwingine akiwa bado amelala. Alasiri ilipita dirishani na mimi sikuiona. Polepole ile njia ilikuwa inajipata.

Kisha ikasimama, nayo bado ina mafundo mawili.

"Unaona?" alisema. "Hii njo ilinisumbua mwezi muzima. Nilikuwa nachukua majibu mazuri tu, mabaya yote natupa. Upesi upesi yote yakafanana. Wazazi banafanana, batoto banafanana, hakuna kipya kinaweza kuzaliwa. Mashini inafikiri imefika. Kumbe imekwama fasi ndogo."

"Ulifanya nini?"

"Niliacha mabaya machache baishi." Akabonyeza mahali pengine. "Na niligawa kundi lote vipande, kama visiwa. Kila kisiwa kinazaa peke yake, mara moja moja vinapeana bageni. Angalia."

Mistari ilisokotana tena, ikaenda polepole kuliko ya kwanza. Mimi sikuwa na haraka. Mwishoni njia moja ndefu iliyolegea ilivizunguka vijiji vyote bila kujikata hata mara moja, na nikaona Kashojwa, nukta moja tu pembeni, imeshikwa vizuri katika mkufu.

Hapo nikalia, na nikamwambia yote.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakunikemea, ingawa mbegu zilikuwa zake pia. Kisha aliuliza swali moja, kwa sauti ya mtu anayefanya kazi:

"Zile ulitoa, Tate, ulipeleka wapi?"

Nilifungua kinywa nijibu kwamba zilikwisha, na badala yake nikaliona kopo la maziwa.

Tulirudi pamoja. Aliyemimina kopo mkekani alikuwa yeye, mimi sikuthubutu. Zilitoka na sauti ya mvua kavu. Vidole vya Jumapili nyingi vilikuwa vimezing'arisha kama vifungo vya koti, na baadhi zilikuwa zimepasuka. Lakini palikuwa na michirizi, palikuwa na kijivu na nyeupe, njano chache, nyekundu moja moja zilizoniponyoka nilipokuwa nikitenga, na chini kabisa, mbili tatu, nyeusi zenye jicho. Nilikumbuka yule baba wa imani katika Maandiko aliyekubali kulipwa wanyama wenye madoadoa, wale ambao mwenye kundi hakuwataka, na jinsi nilivyokuwa nikilihubiri jambo hilo bila kulielewa.

Tulizifunga kumi na mbili katika kitambaa chenye maji. Siku ya tano, tano zilikuwa zimechipua. Saba zilikuwa zimekufa. Nilishukuru kwa tano.

Nilitaka kuzipanda punje zote za kopo kwangu, niwe nazo machoni. Mjukuu wangu alitikisa kichwa. "Visiwa, Tate." Nikaelewa. Tena maharage hayo yalikuwa mali ya kanisa, si yangu. Niliwaeleza wazee wenzangu, nikakiri kosa langu mbele yao, nao wakakubali.

Jumapili iliyofuata kopo la pili halikuwekwa. Nilisimama mlangoni, na ibada ilipoisha, kila aliyetoka alichukua punje akaenda nayo nyumbani: apande karibu na ukuta, apande kwenye beseni bovu, apande popote, na ikizaa arudishe konzi. Jumapili hiyo hatukujua tulikuwa wangapi.

Jirani yangu alikuwa barabarani, anatoka misa. Nikamwita.

"Na Mukatoliki anahesabiwa huko kwenu?"

"Leo anahesabiwa."

Alichagua punje bila kutazama, akaifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Nilimfuata kwa macho mpaka alipopita kona.

Mvua zilikuja, zikaenda. Watu walianza kurudisha, mmoja mmoja, katika bahasha, katika kikombe, katika kiganja. Wengi walileta mikono mitupu na pole. Michirizi ilirudi. Nyekundu ilirudi. Kijivu ilirudi. Nyeupe ndogo ilirudi kutoka nyumba tatu. Njano haikurudi. Nilingoja, nikauliza nyumba kwa nyumba, na haikurudi, na najua kwamba katika dunia hii sitaiona tena ile rangi ya kiini cha yai juu ya lungo.

Wa mwisho alikuwa jirani yangu. Alikuja asubuhi, miguu ina umande, ameshika bakuli lililofunikwa.

"Mzee, hako kadogo kako kalipanda fensi yangu mpaka juu. Mvua ilikapiga, kakacheka tu. Lakini nakuambia mapema: sasa ni Kakatoliki. Nimekabatiza."

Akafunua. Bakuli lilikuwa jeusi, limejaa, na macho meupe yalikuwa yananitazama yote kwa pamoja.

"Kalibatizwa na maji mingi ao machache?" nilimwuliza.

"Mingi, Mzee. Mvua yote ya msimu."

"Basi ni Kaprotesta."

Alicheka mpaka bakuli likatikisika.

Mjukuu wangu amemaliza masomo kwa neema ya Mungu, na akija huketi nami mlangoni ukungu ukiwa bado umelala. Tunazitenga rangi, tunazitazama, tunazichanganya upya. Nyekundu inapata konzi lake, sikuifukuza. Haikuwa kosa lake. Nyeusi inapata makonzi mawili. Zile ambazo hazikufanya kitu mwaka huu zinapata kidogo, lakini zinapata. Sijui mwaka ujao uko namna gani, na nimeacha kujifanya najua.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulinde uingiapo na utokapo. Akupe kipimo cha haki mkononi na moyo wa kulingoja jibu usilolijua. Na kama kuna kitu ulichokiweka kando kwa kuwa hakikufaa, akuhifadhie punje zake mlangoni mwake, mahali unapopita kila juma bila kutazama, mpaka siku utakapozihitaji. Amina.